Je, "Là ci darem la mano" ni wimbo wa mapenzi au mtego? Unafaa kuimbwa harusini?

#1 KinandaChaMbao
Wakuu, hodi jukwaani.
Naomba maoni ya wanaoijua opera, yaani tamthilia inayoimbwa. Dueti (wimbo wa watu wawili) ya "Là ci darem la mano", ile ya Don Giovanni ya Mozart, imeombwa iimbwe ukumbini kwenye sherehe ya harusi. Waimbaji ni baritoni (sauti ya kiume ya kati) na soprano (sauti ya juu ya kike), na piano tu. Tuni ni tamu, haizidi dakika tatu na kitu, na wageni wengi wameshaisikia hata kama hawajui jina lake. Lakini maneno yake yananisitisha. Bwana anamwambia binti "kule tutapeana mikono, kule utaniambia ndiyo", na binti mwenyewe siku hiyohiyo anaolewa na mtu mwingine. Mozart aliandika wimbo wa mapenzi au aliandika mtego? Kama ni mtego, mbona mtamu hivi?

#2 Mwl_Solfa
Karibu mkuu. Usiimbe harusini, na sababu iko dakika chache kabla ya dueti yenyewe.

Zerlina na Masetto ni wanakijiji, wako njiani na wenzao, wanaimba na kucheza kwa ajili ya harusi yao. Don Giovanni, bwana mkubwa mlaghai wa wanawake, anatokea, anamtamani bibi harusi, anamwagiza mtumishi wake Leporello awapeleke watu wote kwenye jumba lake wakapewe chokoleti, kahawa, mvinyo na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Masetto anagoma kumwacha mchumba. Don Giovanni anamwonyesha upanga. Masetto anaondoka kwa hasira, na hapo ndipo wawili wanabaki peke yao. Wimbo unaanza baada ya bwana harusi kufukuzwa kwa silaha. Sasa fikiria unauimba mbele ya bwana harusi wa watu.

#3 SopranoWaPili
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu kisa, ila tusisahau kwamba binti naye anaimba. Hakuburutwa.

#4 Fundi_Libreto
Jamani, kinaya chote kiko kwenye resitativo, yale mazungumzo yanayoimbwa kabla ya dueti. Wengi huyaruka wakaenda moja kwa moja kwenye tuni.

Zerlina anasema: nimempa Masetto neno langu kwamba nitaolewa naye. Don Giovanni anajibu: "Tal parola non vale un zero." Neno kama hilo halina thamani hata ya sifuri. Halafu, sentensi chache mbele, yeye mwenyewe anatoa neno: sasa hivi nataka kukuoa, kile kijumba pale ni changu, tutakuwa wawili, tutaoana humo. Ameshamfundisha kwamba ahadi ya ndoa ni sifuri, kisha anampa ahadi ya ndoa. Lorenzo Da Ponte, aliyeandika maneno, hakuweka hilo kwa bahati mbaya.

Kuna jingine ambalo tafsiri nyingi hupoteza. Mwanzo Don Giovanni anamwita Zerlina "voi", lugha ya heshima. Anapofika "io ti voglio sposar" ameshahamia "ti", lugha ya watu wa karibu. Zerlina ndiye anabaki na "voi". Yaani mmoja ameshaingia ndani, mwenzake bado yuko kizingitini.

#5 Baritoni_Mnene
Shukrani Fundi. Mimi naomba kuwatetea waliotunga. Don Giovanni wa kwanza alikuwa Luigi Bassi, kijana wa miaka 21, pale Vienna mwaka 1787. Kijana huyo hakuimba kama mzee mlaghai. Aliimba kama mtu aliyependa.

#6 Fundi_Libreto
Sahihisho kidogo kwa #5: onyesho la kwanza lilikuwa Prague, tarehe 29 Oktoba 1787. Vienna ilisubiri hadi tarehe 7 Mei 1788. Umri wa Bassi uko sawa. Zerlina wa kwanza alikuwa Caterina Bondini, mke wa Pasquale Bondini aliyekuwa mkuu wa kampuni ile ya opera.

#7 Baritoni_Mnene
Nimepokea. Prague.

#8 NotiNusu
Nirudi kwenye swali la #1, "mbona mtamu hivi". Jibu liko ndani ya muziki, na mtu anaweza kulihesabu kwa vidole.

Don Giovanni anaimba bari 8 (bari ni kipimo kimoja cha mapigo), mistari minne, tuni kamili. Zerlina anajibu kwa tuni ileile. Maneno yake ni ya wasiwasi: ningependa, nisingependa, moyo unanitetemeka kidogo, kweli ningefurahi, lakini huenda ananidanganya. Tuni ni ya yule bwana. Mdomo unasita wakati sauti imeshashika njia ya mwenzake. Mwishoni anarudia "ma può burlarmi ancor" na kuongeza bari 2, kwa hiyo zamu yake ni 10. Hofu ndiyo inayomrefushia zamu.

Baada ya hapo zamu zinakatwa. Yeye bari 2, binti bari 2. "Njoo, mpenzi wangu mzuri." "Namwonea huruma Masetto." "Nitakubadilishia maisha." "Punde nitakuwa sina nguvu tena." Tuni ya kwanza inaporudi, hawapeani tena ubeti mzima. Wanagawana nusu kwa nusu, mmoja anaanza na mwingine anamalizia, hadi wanakanyagana. Kisha "Andiam!", twende, mapigo yanageuka kutoka 2/4 (mawili kwa bari) kuwa 6/8 (sita, yanayobembea matatu matatu) na wote wawili wanaimba kwa pamoja, sauti sambamba.

Bari 8, kisha 2, kisha nusu nusu, kisha pamoja. Masikio yako yanavutwa hatua kwa hatua kama Zerlina anavyovutwa. Ndiyo maana ni mtamu.

#9 KinandaChaMbao
Dah. Asante NotiNusu. Kwa hiyo ndiyo ya Zerlina iko wapi hasa, kwenye "Andiam" au kabla?

#10 NotiNusu
Kwa maoni yangu iko kwenye noti yake ya kwanza, anapochukua tuni ya bwana badala ya kuleta yake.

#11 SopranoWaPili
Siafiki #10. Kuchukua tuni ya mwenzako ilikuwa kanuni ya kawaida ya dueti za karne ile. Anayejibu anarudia ubeti wa kwanza. Ukisema kila aliyerudia tuni amekubali, basi wahusika wote wa opera wameshakubali kila kitu.

Ndiyo yake iko kwenye "Andiam" na si kabla, na ushahidi ni nafsi ya kitenzi. Kabla ya hapo, ndani ya dueti, Zerlina hamwambii Don Giovanni lolote. Soma mistari yake. "Vorrei e non vorrei" anajiambia mwenyewe. "Può burlarmi" ni nafsi ya tatu, huenda ANAnidanganya, wala si "unanidanganya". "Mi fa pietà Masetto" naye anajiambia. Bwana anamwimbia binti, binti anauimbia moyo wake. Neno la kwanza analomtupia bwana usoni ni "Andiam". Ukiiongoza dueti hii, mwambie soprano asimtazame baritoni hata mara moja kabla ya neno hilo. Utaona ukumbi unavyotulia.

#12 Mwl_Solfa
Hilo la kutomtazama nimelipenda. Na mkono je? Mara nyingi waimbaji wanashikana mikono kuanzia mstari wa kwanza kwa sababu maneno yanasema "la mano". Maneno yanasema KULE tutapeana mikono. "Là" maana yake kule, kwenye kijumba. Mkishikana tangu mwanzo, hamjaacha kitu cha kuendea.

#13 Pwani_Kinubi
Salamu wakuu. Katika Kiitaliano cha libreto hii, yaani maneno ya opera, "kupeana mkono" ni kufungishana ndoa. Kwetu pwani wala halihitaji tafsiri, mtu akisikia bwana harusi ameshikana mkono na walii anajua nikaha imefika wapi. Kwa hiyo Don Giovanni anatumia lugha ya ndoa yenyewe.

Mkono huo ufuateni opera nzima. Masetto anapokataa kuondoka, Zerlina mwenyewe anamtuliza: usiogope, niko mikononi mwa mungwana. Kwenye resitativo bwana anavisifu vidole vya Zerlina, kwamba ni kama kugusa giuncata na kunusa waridi. (Giuncata ni jibini bichi, laini mno, linalogandishwa siku hiyohiyo na kuchujwa kwenye kikapu cha matete. Ukilibonyeza linaacha alama ya kidole. Sifa ya mtu wa jikoni kwa binti wa shamba, na inamfaa.) Kisha dueti: tutapeana mikono. Mwisho wa opera sanamu la mawe la Kamanda aliyeuawa linamwambia Don Giovanni: "Dammi la mano in pegno", nipe mkono wako uwe rehani. Anautoa. Anapiga yowe: baridi gani hii! Mtu aliyechezea mkono wa ndoa anaangamizwa kwa mkono ambao hauachii.

#14 Fundi_Libreto
#13 Pwani_Kinubi, umeongea. Hiyo ya "nelle mani son io d'un cavaliere" sikuwa nimeiunganisha na mwisho.

#15 Tempo_Taratibu
Naomba tushuke kwenye utendaji kidogo, maana kuna makosa yanajirudia.

Kasi. Andante (mwendo wa wastani), 2/4. Robo noti kati ya 50 na 56 inatosha. Ikipanda hadi 70 inakuwa wimbo wa matembezi, ikishuka chini ya 46 baritoni anaishiwa pumzi katikati ya "partiam, ben mio, da qui". Mgogoro mkubwa uko kwenye 6/8. Matoleo mengi ya zamani yanaandika Allegro (haraka) hapo, mengine hayana neno. Ukiamini Allegro utakanyaga mafuta ghafla na wimbo utakuwa na vipande viwili visivyojuana. Njia salama: pigo la robo noti la 2/4 liwe ndilo pigo la robo noti yenye nukta la 6/8, ongeza kidogo tu. Hesabu mawili makubwa kwa bari. Ukihesabu sita, waimbaji wanarukaruka.

Sauti. Baritoni aanze kwa sauti ya chini. Mtu anayemnong'oneza binti wa watu hawezi kupaza sauti. Baritoni akishaanza kwa nguvu, soprano analazimika kujibu kwa nguvu, na kwenye "Andiam" hamna pa kupanda. Pia kwenye sauti sambamba za mwisho, besi ikiwa nzito soprano anashuka tuni bila kujua.

Pumzi. Kila mmoja apumue mwisho wa mstari, asipumue baada ya "ci". Nimesikia "Là ci… darem". Hapana.

#16 Baritoni_Mnene
Hiyo ya kunong'ona tumesikia mwalimu, ingawa nyumba yenye viti 500 na piano iliyofunguliwa kifuniko ina mawazo yake.

#17 Tempo_Taratibu
Basi mfunge kifuniko cha piano, mkuu. Ni kazi ya sekunde mbili.

#18 Bi_Lafudhi
Naomba nizungumzie matamshi, maana Waswahili tuna faida kubwa hapa na hatuitumii.

Irabu za Kiitaliano ziko karibu sana na zetu, a e i o u, safi, hazipindwi. Mwimbaji wa Kiingereza anapata taabu kwenye "mano", sisi hatuna shida. Tatizo letu ni kinyume. Tumezoea kila irabu kuwa silabi yake, na ushairi huu unataka baadhi ya irabu ziunganishwe. Tuhesabu mizani kama tunavyohesabu za shairi letu:

Là-ci-da-rem-la-ma-no, mizani 7.
Là-mi-di-rai-di-sì, mizani 6. "Rai" ni moja, wala si "ra-i".
Ve-di-non-è-lon-ta-no, 7.
Par-tiam-ben-mio-da-qui, 6. "Mio" ni moja! Sisi tunaimba "mi-o" na noti zinatuishia.

Kwa Zerlina: mi-tre-ma un-po-co il-cor, 6. "Ma un" noti moja, "co il" noti moja. Fe-li-ce è-ver-sa-re-i, 7. Ma-può-bur-lar-mi an-cor, 6, na "può" ni "pwo", sio "pu-o".

Mtego uko kwenye "Vorrei e non vorrei". Hapo usiunganishe "rei" na "e". Ni vor-rei-e-non-vor-re-i, mizani 7. "Rei" ya kwanza ni moja, ya mwisho inagawanywa mbili kwa sababu iko mwisho wa mstari. Ukigeuza, tuni haikai.

Konsonanti pacha zikaziwe: diletto, Masetto. "Ci" ni "chi". "Cangerò" ni "kanjeRO", mkazo mwishoni, ilhali ulimi wetu unapenda mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo hivyo "pietà".

#19 Mwl_Solfa
Hii ichapishwe ibandikwe ukutani.

Niongeze kwa wanaosoma sol-fa. Doh ni A. Sehemu ya "Vieni, mio bel diletto" inaelemea upande wa soh, kwa hiyo "fe", yaani fah iliyopandishwa nusu toni, inaingia. Mwimbaji asiyeandaliwa ataimba fah ya kawaida na piano itamkana. Fanyeni bari hizo peke yake mara kumi kabla ya kuunganisha. Kwenye "presto non son più forte" maneno yanarudiwarudiwa na sauti inalegea kuteremka, kama mtu anayeteleza kwenye utelezi huku ameshika nyasi. Wengi wanakaza hapo ili wasikosee, na kwa kukaza wanaua maana. Anasema hana nguvu.

#20 mgeni_wa_muziki
Samahani wakuu, "casinetto" kwenye resitativo ni kasino ya kamari? Na je, ni kweli Don Giovanni alikuwa na wanawake 1,003?

#21 Fundi_Libreto
Hapana, "casinetto" ni kijumba cha mapumziko cha mtu mwenye mali, hakina kamari.

1,003 ni Hispania peke yake. Leporello anasoma daftari: Italia 640, Ujerumani 231, Ufaransa 100, Uturuki 91, Hispania 1,003. Jumla 2,065. Na angalia kinaya kingine: ndani ya opera yenyewe, kuanzia pazia linapofunguliwa hadi anapozama motoni, hatumwoni akifanikiwa kwa mwanamke yeyote kwa uhakika. Kwa Zerlina hajafika hata mlangoni, Donna Elvira, mwanamke aliyemtelekeza zamani, anaingia.

#22 SopranoWaPili
Na hapo ndipo ninaporudi kwa #2 na #8. Mnazungumza kana kwamba Zerlina ni samaki na tuni ni ndoana. Binti huyu kwenye resitativo alishasema waziwazi: najua ninyi mabwana ni nadra kuwa wakweli kwa wanawake. Anajua. Don Giovanni anamjibu kwamba huo ni uzushi wa watu wa chini, kwamba uungwana una uaminifu uliochorwa machoni. Zerlina anajua mchezo, anapima. Baadaye anamrudisha Masetto kwake kwa "Batti, batti", wimbo ambao nao ni wa kubembeleza kwa kiwango cha juu kabisa. Mtu anayeweza kubembeleza hivyo si mjinga wa kubembelezwa.

#23 Mwl_Solfa
Dada, kujua hakumtoi mtu kwenye hatari. Upanga ulishaonyeshwa. Don Giovanni ndiye bwana wa eneo lile, watu wake wako ndani ya jumba lake wanakula chakula chake. Akikataa, nini kinampata Masetto? Mimi nasikia "Mi fa pietà Masetto" kama hesabu ya mtu aliyebanwa.

#24 NotiNusu
Mwalimu, ingekuwa ni hofu tu Mozart angeweka hofu kwenye okestra. Anajua kuifanya. Sikiliza sanamu linapoingia. Hapa okestra ni ya upole mtupu, hakuna hata pigo moja la onyo.

#25 Mwl_Solfa
Okestra inasema anachotaka Don Giovanni tusikie.

#26 Pwani_Kinubi
Mimi nina maelezo ya tatu. 6/8 ile ya "Andiam" ni mapigo ya ngoma za wachungaji na watu wa shamba, katika muziki wa enzi ile. Wanakijiji wenyewe waliingia jukwaani kwa 6/8 wakiimba harusi. Kwa hiyo mwisho wa dueti, aliyehamia kwa mwenzake ni nani? Zerlina alianza kwa tuni ya bwana, ila wamemalizia kwenye mapigo ya Zerlina. Bwana amevaa nguo ya kijiji. Ndivyo anavyofanya opera nzima, kila mwanamke anamwimbia kwa lugha yake. Hana sauti yake mwenyewe.

#27 Baritoni_Mnene
Hapo ndipo napopinga kidogo. Anayeimba nafasi hii hawezi kuimba "hana sauti yake". Katika dakika zile tatu Don Giovanni anamaanisha. Anampenda Zerlina kwa dakika tatu, kwa moyo wote, na hatampenda dakika ya nne. Uwongo wake uko kwenye muda tu. Ndiyo maana maneno ya mwisho "d'un innocente amor", mapenzi yasiyo na hatia, yanaweza kuimbwa bila kukonyeza macho. Baritoni akikonyeza watazamaji, imekwisha. Kinaya ni kazi ya hadhira, wewe uliye jukwaani imba kweli.

#28 SopranoWaPili
Kwa hili la kutokonyeza nakuunga mkono asilimia mia.

#29 Redio_ya_Babu
Nilipoona kichwa cha uzi nilidhani mnajadili "Parole parole" ya Mina na Alberto Lupo ya 1972. Nayo ni dueti ya Kiitaliano ya mapenzi yenye kinaya. Mwanamume anazungumza tu, haimbi, anamwaga sifa, na mwanamke anaimba kumjibu kwamba hayo ni maneno, maneno tu. Ilikuwa ikifunga kipindi cha Teatro 10 cha RAI, televisheni ya taifa ya Italia. Dalida na Alain Delon wakaifanya kwa Kifaransa mwaka 1973, na hiyo ndiyo watu wengi huku wanaijua.

#30 Fundi_Libreto
Babu, umeleta jambo. Muziki wa Gianni Ferrio, maneno ya Leo Chiosso na Giancarlo Del Re. Iweke kando ya Mozart uone. Mwaka 1787 mlaghai ndiye mwenye tuni na binti anaazima kwake. Mwaka 1972 mlaghai amenyang'anywa tuni kabisa, amebaki na maneno, na tuni yote iko kwa mwanamke. Na "parola" ndilo neno lilelile la "non vale un zero". Imepita miaka 185 kabla Zerlina hajapata jibu.

#31 Pwani_Kinubi
Hilo la kumnyang'anya tuni limenigusa. Na katika taarabu mwenye kipaza sauti ndiye mwenye kesi.

#32 Tempo_Taratibu
Tukiwa bado kwenye historia: Chopin akiwa na miaka 17, mwaka 1827, alitunga tofauti (tuni moja inayogeuzwa kwa namna mbalimbali) za piano na okestra juu ya tuni hii, ndiyo Opus 2 yake, ila aliishusha… samahani, aliipandisha nusu toni, ikawa B bapa. Ni kwa kazi hiyo mtunzi Schumann aliandika mwaka 1831 kwamba wavue kofia, huyu ni bingwa. Beethoven naye alifanya tofauti zake kwa obo mbili na pembe ya Kiingereza. Wote wamechukua tuni wakaacha maneno. Hapo KinandaChaMbao una njia ya kutokea: piano peke yake, bila maneno, harusini haimkeri mtu.

#33 Mwl_Solfa
Anayejua maneno atakereka vilevile.

#34 KinandaChaMbao
Nashukuru sana wakuu. Harusini nitapendekeza wimbo mwingine. Lakini waimbaji wameshaujifunza nusu, kwa hiyo tutauweka kwenye tamasha la kawaida. Maswali mawili ya mwisho. Tuimbe na resitativo? Na baritoni wetu anaomba tushushe hadi G, inaleta madhara?

#35 Fundi_Libreto
Imbeni resitativo, angalau kuanzia "Alfin siam liberati". Ni dakika moja na nusu hivi. Msiipige kwa kuhesabu mapigo, ifuate lafudhi ya maneno, piano iguse kodi (noti zinazopigwa pamoja) chache na kunyamaza. Bila hiyo hadhira haitajua kuna Masetto.

#36 SopranoWaPili
Na kama mna soprano wa pili, mwachie Donna Elvira aingie. Dueti ikiisha na watu wakianza kupiga makofi, anatokea: "Fermati, scellerato!" simama, mwovu wewe. Kisha "Ah, fuggi il traditor", mkimbie msaliti, wimbo mfupi wa dakika moja na kitu, kwa mtindo wa kizamani, mkali, wenye kona. Baada ya ulaini wote ule ni kama mtu amefungua dirisha alfajiri ya baridi. Zerlina asimame palepale asikilize, asitoke.

#37 NotiNusu
Kuhusu G: dueti peke yake, hakuna shida, ingawa Zerlina atapoteza mng'ao. Lakini mkimfuata SopranoWaPili, angalieni. Dueti iko A, Elvira yuko D. A ni soh ya D, ndiyo maana Elvira anapoingia inasikika kama jibu lililokuwa linasubiriwa. Mkishusha dueti hadi G mkamwacha Elvira kwenye D, daraja linakatika. Itabidi naye ashuke hadi C.

#38 Baritoni_Mnene
Mwambieni huyo baritoni nafasi hii haina noti za juu za kutisha. Abaki A, aimbe kwa sauti ya chini kama alivyosema Tempo, itakaa.

#39 Tempo_Taratibu
Na kifuniko cha piano kifungwe.